Nimeacha nyama, nimeanza kuandika hadithi, na vyote viwili havina ladha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29 na nina matatizo mawili ambayo moyoni nayaona kama tatizo moja, ila sijaweza kuona yanaungana wapi.

Miezi mitatu iliyopita niliamua mambo mawili ndani ya wiki moja. La kwanza, kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa, nile vitokanavyo na mimea tu. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimewaza kwa muda mrefu juu ya wanyama tunaowachinja, na siku moja nikaona siwezi tena kuwaza hivi na kula vile. La pili, kuandika hadithi fupi, jambo nililolitamani tangu utotoni nikawa naliahirisha kila mwaka. Nilijiambia kwamba maadamu nabadilika, nibadilike kweli. Nikatangaza nyumbani, kazini na kwa marafiki kwamba kuanzia siku ile sili nyama, na kwamba mwakani watasoma kitabu changu.

Nilianza kwa bidii. Jikoni nilipika vilevile nilivyozoea, nikatoa nyama. Mchuzi uleule bila nyama, supu ileile bila mfupa. Kwenye kuandika nilikusanya kanuni za waandishi, nikazibandika ukutani: usitumie vielezi, punguza vivumishi, kimbia misemo iliyochakaa, usitaje hisia. Kila sentensi niliipitisha kwenye kanuni hizo na kukata. Hadithi yangu ya kwanza ilimhusu fundi wa redio ambaye binti yake anarudi nyumbani baada ya miaka kumi. Ilikuwa kurasa nane, ikabaki tatu. Rafiki yangu aliisoma akasema, "Ni safi, lakini sijasikia kitu." Wiki hiyohiyo nilimpikia mama. Alifunua sufuria, akatazama ndani, akaifunika tena taratibu bila kusema neno, akaenda nje kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Tumbo langu linajaa gesi, na ikifika mchana nimechoka kama nimelima. Kisha mwezi uliopita, kwenye harusi ya binamu yangu, nilikula kuku. Vipande viwili. Niliporudi nyumbani nilijiona mnafiki. Usiku ule nikachana daftari la hadithi, kurasa kama arobaini, kwa sababu niliona kwamba mtu asiyetunza neno lake mezani hawezi kulitunza kwenye karatasi. Tangu hapo sijaandika hata mstari. Kupika pia nimekata tamaa. Asubuhi na jioni nakula mkate na chai kavu.

Shangazi, mimi ni mtu wa kuanza na kuacha? Niache kimoja ili nikiokoe kingine?

Mwanagenzi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Kuna sentensi moja niliyoipigia mstari, nitairudia baadaye. Kwanza nijibu ulichouliza: usiache chochote. Matatizo yako yanaungana kweli, na umepaeleza mwenyewe mahali yanapoungana. Jikoni na kwenye daftari ulifanya kitendo kilekile. Ulitoa kitu kabla hujajiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani.

Tuanze na chungu. Nyama haikukaa mle kama pambo. Ilileta mafuta, na mafuta ndiyo hubeba harufu ya viungo vingi. Ilileta kitu cha kutafuna. Ilileta uzito wa mchuzi. Na ilileta ile ladha nene inayobaki ulimini hata ukishameza, ambayo si chumvi, si utamu wa sukari, si uchachu wala uchungu. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliichunguza ladha hiyo akakuta inatokana na kemikali iitwayo glutamati, akaipa jina la umami. Hakuipata kwenye nyama. Aliipata kwenye mwani wa baharini. Ipo pia kwenye nyanya zilizoiva sana, na zaidi zikikaushwa, kwenye uyoga mkavu na kwenye mchuzi wa soya uliochachushwa. Kwa hiyo ulipotoa nyama uliondoa kazi nne kwa mkupuo mmoja, nafasi zote nne ukaziacha wazi, na lawama ikayaangukia maharage.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi. Mtu huuliza, "Leo mboga gani?" akajibiwa, "Samaki," na hakuna anayeshangaa. Mboga hapo ni jina la kazi, ile ya kukiteremsha chakula. Swali la kumuuliza maharage ni kama anaiweza kazi hiyo, na anaiweza vizuri sana akipewa wenzake.

Kwa hiyo acha kupika mchuzi wa nyama usio na nyama. Kila ukikaa mezani utakuwa unamngoja mtu ambaye hukumwalika. Pika chakula ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha mimea. Chukua dengu nyekundu zilizokobolewa, ambazo huvurugika zenyewe na kutoa rojo zito bila kusaidiwa. Kaanga vitunguu kwa moto mdogo, usiwe na haraka, mpaka vigeuke rangi ya kahawia. Weka nyanya nyingi na uziache zikauke mpaka mafuta yajitenge. Saga karanga au ufuta uliokaangwa, uunge navyo. Ukishaepua, kamulia limau. Hapo mafuta yapo, uzito upo, ile ladha nene ipo. Kitu cha kutafuna kitatokana na uyoga au maharage mazima. Nimepika hivi kwa miaka, na sijaona aliyekula akauliza kilichokosekana.

Sasa njoo kwenye daftari, maana huko ndiko nilikosikitika zaidi.

Kanuni ulizobandika ukutani si mbaya. Zote ni maonyo ya watu waliokwisha kuungua. Ila ni orodha ya vitu vya kutoa, na hakuna hadithi iliyowahi kujengwa kwa kutoa peke yake. Tuseme uliandika, "Alitoka kwa hasira." Ukakumbuka kanuni, ukakata, ikabaki, "Alitoka." Maneno yale mawili yalikuwa dhaifu, nakubali, lakini yalikuwa na kazi: yalimweleza msomaji moyo wa mtu yule. Umewafukuza wafanyakazi, na kazi bado imelala pale. Sasa jaribu hivi: "Alitoka, akarudi kuchukua funguo, akatoka tena bila kuzichukua." Hakuna kielezi cha hasira, hakuna hisia iliyotajwa, na hasira ninaiona. Sentensi imerefuka badala ya kufupika. Kurasa zako nane hazikustahili kuwa tatu. Pengine zilistahili kuwa kumi na mbili.

Rafiki yako aliposema hajasikia kitu, alikuwa anasema kile ambacho mama alikisema kwa kifuniko cha sufuria.

Usidhani nakwambia ulegeze masharti. Mimi nayapenda masharti, na wewe umechagua sharti kubwa kwa sababu nzuri. Nataka uone watu waliofungwa kuliko wewe walivyofanya. Mtunzi wa shairi la kimapokeo kwa kawaida ana mizani 16, yaani silabi, katika kila mshororo, 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (cha pili), na vina viwili vinamsubiri, cha kati na cha mwisho. Neno alilolitaka likikataa kuingia, haachi pengo la mizani tatu akaendelea na safari, kwa sababu litakuwa guni, shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na kila msikilizaji atalisikia. Analigeuza wazo. Analitafutia neno la zamani, au analiambia jambo kwa upande ambao hakuufikiria alipoanza. Mara nyingi mstari tunaoukariri miaka yote ndio ule aliozibiwa njia akapata nyingine.

Au mtazame Georges Perec, Mfaransa. Mwaka 1969 alichapisha riwaya nzima ambayo haina herufi e hata mara moja, na katika Kifaransa hiyo ndiyo herufi inayotumika kuliko zote. Bila herufi hiyo huwezi kuandika "je", yaani "mimi" ya kuanzia sentensi. Huwezi kuandika "père" wala "mère", maneno ya kawaida ya baba na mama. Perec mwenyewe alikuwa yatima: baba yake alifia vitani mwaka 1940, na mama yake alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1943 asirudi. Wasomaji wengi wameona uhusiano kati ya herufi inayokosekana na wazazi wanaokosekana, na mimi ni mmoja wao. Nikikifikiria kitabu kile mwili hunisisimka. Kilichotolewa kimeacha sauti, kwa sababu aliyekitoa alijua uzito wake na akaujenga ukurasa mzima kuuzunguka.

Hivyo ndivyo ninavyotamani kuacha nyama kwako kuwe, na hivyo ndivyo ninavyotamani sentensi zako ziwe.

Kuhusu harusi. Ulikula vipande viwili vya kuku ukiwa kwenye siku ya sitini hivi. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96, kila mmoja akijaribu kujenga tabia moja mpya ya kila siku, ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitendo kikaanza kujiendea chenyewe. Lakini usiishikilie namba hiyo, kwa sababu kati ya mtu na mtu ilianzia siku 18 ikafika 254. Kilichonigusa ni hiki: waliokosa siku moja hawakurudishwa nyuma kwa kiasi cha kuonekana. Siku iliyopotea ilikuwa siku iliyopotea, basi. Kesho yake waliendelea kutoka walipokuwa.

Wewe kesho yake hukuendelea. Usiku uleule ulichana kurasa arobaini ambazo hazikuwa na habari na harusi. Nimeumia kwa ajili ya kurasa zile, sitakuficha. Hata zilizokuwa mbovu, ndani yake kulikuwa na jina la mtu, au namna binti alivyoshika mlango, kitu ambacho ungekihitaji baada ya miaka miwili. Usichane tena. Weka chini ya godoro kama huwezi kuvumilia kuziona.

Nadhani ile adhabu ilitokana na tangazo. Uliwaambia watu wewe ni nani kabla hujafanya kwa muda wa kutosha, na tangu siku hiyo kila tonge na kila mstari ukawa ushahidi mahakamani. Mwandishi ametokana na andika, na mpishi ametokana na pika. Kitenzi ndicho kilichotangulia, jina likafuata. Wewe kwa sasa shughulika na vitenzi. Akikuuliza mtu mezani, mwambie, "Leo nakula dengu." Akikuuliza kuhusu kitabu, mwambie unaandika. Na usihubiri. Mtu aliyepakuliwa chakula kitamu husikia mengi kuliko aliyepakuliwa hoja.

Mwili wako sasa, maana uchovu haubembelezwi kwa maneno. Mkate na chai si mlo wa mimea, mwanangu, ni njaa iliyofunikwa. Chai unayokunywa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye mimea, kwa hiyo isogeze mbali na mlo, na kwenye maharage au mboga za majani weka kitu chenye vitamini C, kama limau, chungwa au pilipili hoho. Gesi inatokana zaidi na nyuzinyuzi zilizoongezeka ghafla. Ongeza kidogo kidogo, na tumbo litazoea ndani ya wiki chache. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage, kisha uyachemshe kwa moto mkali. Maharage mekundu hasa yana sumu yakiwa mabichi, na moto wa kuvizia hauiondoi. Nenda pia ukapime damu. Kama una mimba au unatumia dawa za kudumu, mweleze daktari namna unavyokula kabla hujaendelea.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni vitamini B12. Inatengenezwa na bakteria, na mimea haitupi kiasi cha kutegemea. Aliyeacha vyote vya wanyama lazima aipate kwenye kidonge au kwenye vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Hatari yake ni kwamba ini lina akiba inayoweza kudumu miaka. Mtu anajiona mzima, anawaambia watu kwamba hahitaji kitu, huku akiba inapungua kimyakimya. Dalili zinapofika, ganzi za vidole na kuchoka kusikoisha, mishipa ya fahamu inaweza kuwa imeanza kuumia.

Nilipofika hapo kwenye kukuandikia nilisimama, nikarudi kwenye barua yako kutafuta kitu. Umetaja kanuni za kuandika. Hukutaja hadithi hata moja uliyoisoma. Kama ni kusahau, nisamehe. Lakini kama katika miezi hii mitatu umekuwa ukiandika bila kusoma, basi unaishi kwa akiba ya ini, yaani hadithi ulizosimuliwa utotoni na vitabu vya shuleni. Akiba hiyo ni nzuri na inakupeleka mbali, na ndiyo maana hutaona upungufu mapema. Utauona siku ambayo kila mhusika wako anaongea kwa sauti moja. Soma kila siku, hata kurasa tano, na ukikutana na ukurasa uliokushika koo, unakili kwa mkono neno kwa neno. Kunakili huko ni kwako mwenyewe, si kwa kuonyesha watu. Mkono hujifunza mahali mwandishi alipopumua.

Rafiki yako mpe hadithi ikiwa imeiva. Hadithi yako ya kwanza aliipata mbichi, na mama naye aliipata sufuria mbichi, na mtu huonja mara moja tu kwa moyo mweupe. Baada ya kuandika, ifungie wiki mbili. Lakini usingoje ukamilifu pia, kwa sababu kuna wanaoloweka mpaka maharage yanachacha.

Sasa ile sentensi.

"Alifunua sufuria, akatazama ndani, akaifunika tena taratibu bila kusema neno, akaenda nje kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka."

Umeandika hivyo kwa mkono wako, bila kanuni ukutani, ukiwa na haraka ya kunieleza shida. Hukusema mama alikasirika wala kwamba alikuhurumia. Kuna kielezi ndani yake, "taratibu", kile ulichokatazwa, na kipo kazini: bila hicho ningesikia kifuniko kikibamizwa, na mama yako angekuwa mwanamke mwingine kabisa. Na zile nguo mbichi! Mtu haanui nguo mbichi isipokuwa kama anatafuta mahali pa kuiweka mikono yake.

Fundi wa redio na binti yake watakungoja, wana muda. Loweka maharage jioni ya leo. Kisha keti uandike kurasa mbili, uanzie pale kwenye kamba ya nguo, mama akiwa amekupa mgongo. Nataka kujua alikuwa anawaza nini, na kama alitaka umfuate.